Kama Darwin aliyaona yote Galápagos, mbona alikaa miaka 24?

*Swali: Nafundisha Bayolojia kidato cha nne. Kila mwaka nikifika mada ya mageuko nasimulia vilevile: kijana Charles Darwin alipanda meli iitwayo Beagle, akafika visiwa vya Galápagos mwaka 1835, akaona chiriku wenye midomo tofauti kisiwa hadi kisiwa, akagundua nadharia yake. Mwaka huu binti mmoja kanisimamisha. "Mwalimu, kama aliyaona 1835, mbona kitabu kimetoka 1859? Miaka yote hiyo alikuwa anafanya nini?" Darasa likachangamka. Mmoja akasema aliogopa kanisa. Mwingine amesoma kwenye simu kwamba wazo aliliiba kwa mtu anayeitwa Wallace. Wa tatu akauliza kama ni kweli Darwin aliingia melini mcha Mungu akashuka hana dini, maana nyumbani wameshamwambia mada hii asiisikilize. Nimewaahidi majibu wiki ijayo. Nisaidie nisije nikawadanganya.*

Mwalimu, huyo binti ana jicho. Amegusa mahali ambapo vitabu vya shule hupita mbio. Darwin hakuigundua nadharia yake Galápagos. Meli ilipong'oa nanga pale, alikuwa na ndege wakavu ambao hakujua ni wa jamii gani, na wengi wao hakuwa ameandika walitoka kisiwa kipi. Nadharia ilizaliwa London, baada ya watu wengine kufungua vifurushi vyake na kumwambia ameleta nini. Hayo ya woga, Wallace na imani nayo nitayafikia. Yote matatu yana chembe ya ukweli iliyokuzwa mno.

Nianze na safari yenyewe. Beagle iliondoka Plymouth tarehe 27 Desemba 1831. Darwin alikuwa na miaka 22, nahodha Robert FitzRoy alikuwa na 26. Kazi ya meli ilikuwa kupima pwani za Amerika Kusini kwa ajili ya ramani za jeshi la majini la Uingereza, na ilibeba saa 22 za kupimia longitudo. Kukusanya viumbe halikuwa lengo la safari. FitzRoy alitaka muungwana wa kula naye mezani na kuzungumza naye, kwa sababu nahodha aliyemtangulia kwenye meli hiyohiyo, Pringle Stokes, alijipiga risasi mwaka 1828 kwa upweke na kukata tamaa huko kusini kabisa ya Amerika. Gharama za Darwin alizilipa baba yake. Aliyetarajia kukusanya viumbe, kama ilivyokuwa desturi, ni daktari wa meli, Robert McCormick; alipoona kijana asiye na cheo anapendelewa, alichukia, akashukia Rio de Janeiro mwezi Aprili 1832 na kurudi kwao.

Kijana mwenyewe alikuwa ameacha udaktari Edinburgh kwa kushindwa kuvumilia upasuaji wa zama zile, uliofanywa bila dawa ya usingizi. Baba yake akampeleka Cambridge asomee shahada ambayo ingemfungulia njia ya kuwa kasisi. Wanafunzi wako watapenda kujua kwamba ujuzi uliomfaa kuliko shahada hiyo, yaani kuchuna ndege na kukausha ngozi yake isioze, alifundishwa Edinburgh na John Edmonstone, mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa Guyana. Bila mikono hiyo, asingekuwa na cha kumwonyesha mtu.

Safari ilichukua karibu miaka mitano, na Beagle ilitia nanga Falmouth tarehe 2 Oktoba 1836. Bahari ilimlevya Darwin vibaya na hakuizoea hadi mwisho, kwa hiyo kila alipopata nafasi alishuka, na kwa jumla zaidi ya nusu ya muda huo alikuwa nchi kavu, akisafiri kwa farasi Argentina, Uruguay na Chile. Galápagos walikaa wiki tano tu, kuanzia katikati ya Septemba hadi tarehe 20 Oktoba 1835, naye alishuka visiwa vinne. Wiki tano ndani ya miaka mitano! Ukiwaambia wanafunzi hivyo tu, tayari ile hadithi ya zamani imeanza kupungua uzito.

Kilichomtikisa kwanza kilikuwa mawe na mifupa. Njiani alikuwa akisoma kazi ya Charles Lyell kuhusu jiolojia, aliyopewa na FitzRoy mwenyewe, iliyodai kwamba milima na mabonde yamefanywa na nguvu ndogondogo tunazoziona leo, zikifanya kazi kwa muda mrefu usiokadirika. Tarehe 20 Februari 1835 tetemeko kubwa liliipiga Concepción, Chile. Darwin alikuwa Valdivia, amelala chini msituni akijipumzisha, akaisikia ardhi ikiyumba chini yake. Walipofika kwenye eneo lililoharibiwa waliona kome waliokufa wakiwa bado wameng'ang'ania miamba, lakini juu ya usawa wa maji kupwa na kujaa. Katika kisiwa cha Santa María FitzRoy alipima akakuta ardhi imeinuka kama futi 10 mahali pengine. Sasa zidisha tukio kama hilo mara elfu kadhaa: unapata milima ya Andes, na unapata muda. Pasipo muda mrefu, nadharia ya mageuko haisimami hata kidogo.

Mifupa nayo ilikuwa na maneno yake. Huko Punta Alta, pwani ya Argentina, Darwin alichimbua mwaka 1832 visukuku vya wanyama wakubwa waliotoweka, na miongoni mwao magamba mazito kama ngao. Katika nchi hiyohiyo walikuwepo armadilo, wanyama wadogo wenye ngao ya namna ile ile, ambao wachunga ng'ombe waliwachoma wakawala. Kwa nini mnyama aliyekufa afanane na anayeishi pale pale, badala ya kufanana na wa Afrika au Ulaya?

Na kuna kisa cha mbuni wa Patagonia, nakisimulia kila nikipata nafasi. Wachunga ng'ombe walimwambia Darwin kwamba mbali na yule ndege mkubwa anayefanana na mbuni, kusini yuko mwingine, mdogo zaidi na adimu. Akamtafuta miezi mingi bila kumpata. Mwanzoni mwa 1834 mchoraji wa meli alimpiga mmoja risasi kwa ajili ya kitoweo; Darwin alidhani ni kinda la yule mkubwa. Akapikwa, akaliwa, ndipo Darwin akashtuka kwamba wamemla yule aliyekuwa akimtafuta. Akakimbilia mabaki: kichwa, shingo, miguu, mabawa, manyoya makubwa na sehemu ya ngozi. Vikaunganishwa London, na ndege akaonyeshwa watu. Swali lililobaki lilikuwa hili: spishi mbili zinazokaribiana hivyo, moja kaskazini, nyingine kusini, zinapokezana nchi moja isiyo na ukuta katikati. Za nini mbili?

Ndipo tufike Galápagos. Ni visiwa vya volkano, vikavu, vyeusi, karibu kilomita 1,000 kutoka bara. Waliishi huko kobe wakubwa; ukitaka kuwapa wanafunzi picha, wakumbushe kobe wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ingawa wale asili yao ni Aldabra, si Galápagos. (Mwaka 1874 Darwin alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliotia saini ombi kwa gavana wa Mauritius ili kobe hao wa Aldabra wasije wakamalizwa.) Kaimu gavana wa visiwa, Nicholas Lawson, alimwambia kwamba akionyeshwa kobe anaweza kusema katoka kisiwa kipi. Darwin alilisikia, akalipuuza. Meli ikapakia kama kobe 30 wa kuliwa njiani, na magamba yao yakaishia baharini. Ushahidi ulikuwa mezani, wakaula.

Chiriku je? Hawa wadogo wa kijivu na weusi waliruka makundi kwa makundi, na Darwin aliwakusanya bila utaratibu. Wenye mdomo mnene aliwaona chiriku, mwingine mwenye mdomo mwembamba akamweka katika jamii nyingine kabisa. Hakuona ukoo mmoja. Waliomvuta jicho walikuwa ndege wengine, wale waigaji wa sauti, ambao jamaa zao alishawaona bara. Wa kisiwa cha San Cristóbal aliwatazama. Alipofika Floreana akaona wana tofauti. Kuanzia hapo akawa anawaandikia kila mmoja kisiwa chake. Katika mwaka wa mwisho wa safari, akipanga maandishi yake kuhusu ndege, aliandika kwamba kama kuna msingi wowote katika mambo haya ya ndege na kobe, basi yangeweza kudhoofisha ile imani kwamba spishi hazibadiliki. Angalia alivyojihami: *kama*. Ni shaka ya mtu mwangalifu.

Januari 1837 ndipo mambo yalipopinduka. Ndege walikabidhiwa kwa John Gould, mtaalamu wa Jumuiya ya Zoolojia ya London. Siku chache tu baadaye Gould akatoa taarifa kwamba wale ndege waliodhaniwa wa jamii mbalimbali wote ni chiriku wa kundi moja la pekee, lisilopatikana kwingine duniani. Mwezi Machi akamwambia kwamba ndege waigaji wa visiwa vile ni spishi tatu tofauti kabisa, wala si namna tatu za ndege mmoja. Na Richard Owen, aliyechunguza visukuku, alikuwa akimwambia kwamba wanyama wale wakubwa wana undugu na wa leo wa Amerika Kusini.

Darwin alibaki na aibu ya lebo. Kama kila chiriku ana kisiwa chake, basi kisiwa kilichoandikwa kwenye lebo ndicho kila kitu, naye hakuandika! Ikabidi aende kuomba ndege wa wenzake: wa FitzRoy, na wa Syms Covington, kijana aliyekuwa mtumishi wake melini. Hao waliandika vizuri kuliko bwana mtaalamu. Kwa kulinganisha ndege wao na wake alijaribu kukisia nani katoka wapi. Ndiyo sababu katika kitabu chake cha 1859, *On the Origin of Species* (Asili ya Spishi), chiriku hawa hawajapewa nafasi ya kuzungumziwa. Umaarufu wao ni wa karne ya 20, hasa baada ya kazi ya mtaalamu wa ndege David Lack iliyotoka mwaka 1947.

Julai 1837 akafungua daftari la siri kuhusu kubadilika kwa spishi. Kwenye ukurasa mmoja aliandika juu kabisa "Nafikiri", na chini akachora mti mdogo wenye matawi. Mchoro huo uuchore ubaoni, kwa sababu unazima lile swali litakalokuja tu: mbona nyani wa leo hawageuki watu? Katika mti ule hakuna anayetoka kwa mwenzake aliye hai. Matawi mawili yanatoka kwenye shina lililokwisha kufa. Nyani na sisi ni binamu wa mbali sana.

Lakini mti unasema nini kimetokea tu. Namna kinavyotokea hausemi. Hilo alilipata mwishoni mwa Septemba 1838 alipomsoma Thomas Malthus, mchumi aliyeandika kuhusu watu kuzaliana haraka kuliko chakula kinavyoongezeka. Darwin akalihamishia kwa viumbe wote. Huzaliwa wengi kuliko watakaopata riziki. Hawalingani: huyu ana mdomo mnene kidogo, yule mwembamba. Baadhi ya tofauti hizo hurithiwa. Basi wale ambao tofauti yao inawafaa mahali walipo huishi na kuzaa zaidi, na kizazi kinachofuata kinawafanana wao zaidi. Huo ndio uteuzi wa asili. Hakuna kiumbe anayejitahidi kubadilika, na hakuna ndege aliyenyoosha mdomo wake kwa kuutumia akamrithisha kinda. Kosa hilo nimeliona kwenye karatasi nyingi za mtihani.

Mfano wa kuwapa upo, tena wa Galápagos kwenyewe. Peter na Rosemary Grant walianza mwaka 1973 kuwapima chiriku wa kisiwa kidogo cha Daphne Major, mmoja mmoja, kwa pete mguuni na kipimo cha mdomo. Mwaka 1977 mvua haikunyesha. Mbegu ndogo laini ziliisha, zikabaki kubwa ngumu, na ndege wengi walikufa. Waliosalia walikuwa zaidi wale wenye mdomo mnene ulioweza kuzivunja, na makinda yao yakawa na midomo minene kuliko ya kizazi kilichotangulia. Kisha mwaka 1983 El Niño ikaleta mvua nyingi, mbegu ndogo zikajaa, na wenye midomo midogo wakapata nafuu. Uteuzi wa asili haupandi ngazi kwenda juu. Unafuata mvua.

Sasa miaka ile. Kutoka 1838 tayari alikuwa na wazo, kwa hiyo swali la binti yako lina miaka 21 iliyobaki. Hapa wanahistoria hawakubaliani, nawe usiwafiche wanafunzi hilo. Wapo wanaosema aliogopa, na wana hoja: Januari 1844 alimwandikia rafiki yake Joseph Hooker kwamba anaanza kuamini spishi hubadilika, na kusema hivyo ni kama kukiri kuua. Mwaka huohuo kilitoka kitabu kisicho na jina la mwandishi kilichodai viumbe hubadilika, na kikashambuliwa vikali, hata na wanasayansi waliomfundisha Darwin. Wengine wanasema hakujificha: aliwaambia marafiki kadhaa, na muda ulikwenda kwa kazi. Mimi naelemea upande huu wa pili, ingawa naamini hofu iliifanya kazi iwe ngumu zaidi. Tazama ratiba yake. Aliandika simulizi la safari na vitabu vitatu vya jiolojia. Alioa 1839, akazaa watoto 10, akawa mgonjwa wa mara kwa mara. Mwaka 1842 aliandika muhtasari wa kurasa 35. Mwaka 1844 akaupanua kufikia kurasa 230 hivi, akamwachia mkewe Emma barua kwamba akifa ghafla atenge pauni 400 ili uchapishwe. Mwoga wa kweli angeuchoma. Kisha miaka minane, 1846 hadi 1854, aliimaliza kwa kupasua na kueleza wanyama wadogo wenye magamba wanaoganda kwenye miamba na matumbo ya majahazi, ili asije mtu akamwambia anazungumzia spishi ambazo hajawahi kuzichunguza kwa mikono yake.

Baadaye akafuga njiwa, akajumuika na wafugaji wao, aone binadamu anavyoweza kubadili kizazi kwa kuchagua. Na akaloweka mbegu katika maji ya chumvi, kwa sababu mtu angemwuliza: mimea ilifikaje kwenye visiwa vya katikati ya bahari? Katika aina 87, aina 64 ziliota baada ya siku 28 majini. Jaribio hilo darasa lako linaweza kulifanya kwa chupa, chumvi na mbegu za mchicha.

Wallace hakuibiwa. Alfred Russel Wallace alikuwa akikusanya viumbe katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, akalifikia wazo lilelile kwa akili yake mwenyewe wakati wa homa, akamtumia Darwin makala iliyofika Juni 1858. Wakati huo Hooker alishayasoma maandishi ya 1844, na barua ya Darwin ya 1857 iliyoeleza nadharia ilikuwa kwa Asa Gray, mtaalamu wa mimea huko Marekani. Tarehe 1 Julai 1858 maandishi ya wote wawili yalisomwa katika Jumuiya ya Linnaeus, London, nao hawakuwepo: Darwin alikuwa amefiwa na mwanawe mchanga siku chache kabla, Wallace alikuwa ng'ambo na hakuombwa ruhusa. Hilo la ruhusa ni kasoro, liseme. Lakini Wallace hakulalamika, na waliendelea kuheshimiana. Barua yake ndiyo iliyomsukuma Darwin. Kitabu kikatoka tarehe 24 Novemba 1859.

Kuhusu imani, kisa ulicholetewa na yule mwanafunzi wa tatu hakina ukweli kwa sehemu kubwa. Melini Darwin alikuwa mshika dini kiasi kwamba maofisa walimcheka kwa kunukuu Biblia. Imani yake ilipungua polepole miaka mingi baada ya kurudi, na kifo cha binti yake Annie mwaka 1851, akiwa na miaka 10, kilimwumiza sana. Mwaka 1879 aliandika kwamba hajawahi kuwa mtu wa kumkana Mungu, na kwamba ni upuuzi kutilia shaka kuwa mtu anaweza kumwamini Mungu kwa moyo wote na kukubali mageuko pia. Asa Gray alikuwa Mkristo wa dhati na mtetezi wake mkubwa Marekani. Wapo waumini wasiokubaliana na hilo, Waislamu na Wakristo, nao si wajinga. Darasani kazi yako ni kueleza sayansi inasema nini na kwa ushahidi gani. Huwadai wanafunzi wakuambie wanaamini nini.

Yule aliyekatazwa nyumbani usimjibu mbele ya wenzake. Kaa naye pembeni, na mzazi akikubali, mwite mzungumze ana kwa ana, ukiwa na silabasi mkononi aone kinachofundishwa na kinachotahiniwa. Barua au ujumbe wa simu huwasha moto katika jambo kama hili. Mwanafunzi akionekana anaumia kweli, analala vibaya au anaogopa kwamba kusoma kwake ni dhambi, hapo umevuka mpaka wa Bayolojia: mshirikishe mwalimu wa ushauri nasaha, na kiongozi wa dini ambaye familia yenyewe inamwamini.

Na kwa darasa zima, kama bajeti inaruhusu safari moja, nenda kwenye mkusanyo wa ndege badala ya kwenda kutazama sanamu. Makumbusho ya Taifa Nairobi wana mkusanyo mkubwa; kwa walio Tanzania, anza kwa kuulizia idara ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Andika barua mapema, omba mhifadhi awafungulie droo moja ya ndege wa jamii moja kutoka mahali mbalimbali. Mwambie binti wa swali asome lebo iliyofungwa mguuni: tarehe, mahali, jina la aliyekusanya. Kisha mwambie azifunike hizo lebo kwa karatasi, ajaribu kueleza yupi katoka wapi.